Mrejesho: mpagazi niliyerudi kihambani

Ndugu zangu, mwaka 2020 niliwauliza: mimi ni mpagazi wa Kilimanjaro, mgumu kama tunavyoitana, korona imekata wageni, nifanye nini na kihamba cha baba, yaani shamba letu la ukoo, hapa Marangu? Wengi mlisema nipande mboga za kuuza. Mzee mmoja akasema nianze na mfereji wa kuleta maji shambani.

Nilimsikiliza. Tulizibua mfereji majirani sita, tukapanga zamu za maji. Maharage niliyopanda chini ya migomba yalitulisha baada ya miezi mitatu. Mboga nazo nilijaribu, zikanitia hasara, maana kila mgumu aliyekosa kazi alipanda hizohizo na bei ikaanguka sokoni. Kahawa ya zamani niliikata ikabaki visiki, ichipue upya. Ilichukua kama miaka miwili kuzaa vizuri, na ndiyo inayolipa ada za watoto sasa.

Wageni wamerudi, nami napanda tena mlima. Lakini masika, Machi hadi Mei, wageni wanapopungua, nipo shambani. Nilidhani kazi hizi mbili zitagombana, kumbe majira yake yanapishana! Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Mama anakusalimu.