Binti kachagua HGL, baba yake mdogo hataki. Historia ya sekondari inamfaa nini mtu?

MamaMakorora:
Habari zenu wadau. Niko Tanga mjini. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, matokeo mazuri, historia kapata A. Anataka HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza. Baba yake mdogo, ambaye ndiye atakayetushika mkono kwa nauli na vifaa, anasema historia ni kukariri miaka ya Wajerumani waliokwisha kufa. Anataka aende PCB (fizikia, kemia na baiolojia), ingawa kemia ana C, ili baadaye asomee famasia. Mtoto halali kwa mawazo. Mimi niliishia la saba, sina maneno ya kumjibu shemeji. Nisaidieni kwa hoja jamani, matusi hapana.

Fundi_Chumbageni:
Dada, shemeji yako hana nia mbaya, ajira ni ngumu. Mimi nilisoma historia mpaka kidato cha nne. Tulikuwa tunaandikiwa ubaoni sababu sita za hiki, athari sita za kile, tunakariri, mtihani ukipita zimetoka kichwani. Faida yake sikuiona.

MwalimuMstaafu:
Mama, mpe binti hongera zangu. Nimefundisha historia sekondari hapa Tanga mpaka nikastaafu, na somo hili nalipenda hadi leo.

Fundi kasema kweli, ndivyo linavyofundishwa mahali pengi. Lakini hoja sita za ubaoni ni ganda tu.

Chukua vita vya Tanga, Novemba 1914. Kwenye daftari ni mstari mmoja: Wajerumani waliwashinda Waingereza. Mimi nilikuwa nauandika mstari huo, kisha nawauliza watoto, ni akina nani hasa waliopigana? Waingereza walileta kwa meli watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India. Upande wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa kama 1,000, na wengi wao ni Waafrika. Hapo darasa linaanza kunong'onezana, maana wale "Wajerumani" wa kwenye daftari wamegeuka kuwa watu wenye majina kama ya babu zao.

Tukitoka hapo tunakwenda kwa nyuki. Kila mtoto wa Tanga ameambiwa kwamba nyuki ndio waliowafukuza Waingereza. Nyuki walikuwepo kweli, walichokozwa na risasi wakauma watu wa pande zote mbili. Baadaye ikazuka hadithi kwamba Wajerumani waliwatega makusudi. Nauliza: hadithi hiyo inamfaa nani? Manowari ya Waingereza iliingia tarehe 2 ikatoa taarifa kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha. Pambano kubwa likawa tarehe 4. Katikati hapo askari wa von Lettow wakawa wanashushwa kwa treni kutoka Moshi, kwa reli iliyoanza kujengwa hapa hapa Tanga mwaka 1893. Jenerali aliyeshindwa na jeshi dogo kuliko lake, na akaacha risasi kama laki 6 ufukweni, angependa watu wakumbuke treni au nyuki? Hata wale wa viti vya nyuma walikuwa wananyoosha mkono.

Kijana aliyezoea kuuliza hivyo hadanganywi ovyo. Ukimtumia ujumbe wa kwenye simu kwamba kuna viwanja vinagawiwa bure, cha kwanza atauliza nani kauandika na anataka nini.

Wakili_wa_Mtaani (Bagamoyo):
Shikamoo Mwalimu. Mama, mimi ni msaidizi wa kisheria huku Bagamoyo, kazi yangu kubwa ni migogoro ya ardhi, na nilisoma HGL.

Kila Mtanzania anamjua chifu Mangungo wa Msovero. Mtu akisaini vibaya, anaambiwa kaingia mkataba wa Mangungo. Mwalimu wetu alikataa tuishie kumcheka. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alimpelekea karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, inayosema Mangungo ametoa nchi na haki zake zote, milele. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi kwa nguvu ya karatasi za namna hiyo. Tukaulizwa: nani aliandika? Kwa lugha ya nani? Mkalimani alimweleza nini? Mashahidi walikuwa wa nani?

Maswali hayo ndiyo ninayouliza ofisini mpaka leo. Amekuja mzee na karatasi ya mauziano ya shamba la minazi. Inasema kauza shamba zima, yeye anasema aliuza kipande cha barabarani tu. Kumbe aliyeandika ni dalali wa mnunuzi, mashahidi wote wa mnunuzi, na mzee hakupewa nakala. Hayo sikuyajulia kwenye sheria, niliyajulia kidato cha pili.

Kuhusu kazi, mwambie shemeji kuna sheria, ualimu, uandishi wa habari, utawala, makumbusho. Ajira ni ngumu huku na huko, lakini mtoto mwenye A ya historia na C ya kemia, mimi nisingempeleka PCB.

MamaMakorora:
Ahsanteni sana. Shikamoo Mwalimu. Shemeji nimemsomea yote, kanyamaza, kasema atafikiri. Binti naye kaniuliza: babu yake mzaa baba alitoka Kigoma kuja mkonge, akabaki huku mpaka kufa. Anataka kuiandika habari yake. Aanzie wapi?

MwalimuMstaafu:
Marahaba mama. Aanze na bibi yake kama yu hai. Aulize babu aliandikishwa na nani, alifikia shamba gani, na mbona hakurudi kwao mkataba ulipokwisha. Kama kuna kipande, ile kadi ya kazi ya manamba (vibarua wa mkataba wa mashambani), kimebaki sandukuni, akipige picha pande zote mbili. Kipande kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopangiwa haikuhesabiwa, kwa hiyo mwezi wa manamba ungeweza kuvuka hata siku 40. Alama zilizopo zitamwambia mengi.

Na shemeji yako ni mtoto wa mzee huyo huyo. Amhoji na yeye, aandike na tarehe.