Wajukuu wa Kisauni 🌴

*Dada Mwanaidi:* Asalaam alaykum, samahani jana sikuwajibu, nilitoka na huyu msichana tunayeishi naye hapa Köln, ni Mkurdi wa Diyarbakır Uturuki, wenyewe wanaiita Amed, jana 21 Machi ilikuwa Newroz yao, mwaka mpya, moto umewashwa watu wanacheza safu ndefu wameshikana vidole vya mwisho, magoti yangu hayana hali

*Shangazi Zuhura:* Waalaykum salaam mwanangu. Mkurdi si ndo Mturuki huyo huyo?

*Dada Mwanaidi:* La shangazi, lugha mbali kabisa. Wametapakaa Uturuki, Iraki, Irani na Syria, nchi yao hawana. Kakake alipozaliwa akaitwa Welat, karani akagoma kuandika sababu ya W!! Q, W na X hazimo kwenye alfabeti ya Kituruki, basi cheti kikatoka Velat

*Juma:* 😂😂 herufi tu?

*Dada Mwanaidi:* Herufi. Na Show TV iko hewani nchi nzima na W yake, hakuna aliyeishtaki

*Juma:* Si waende mahakama ya Ulaya

*Dada Mwanaidi:* Walienda watu, Strasbourg, 2010 wakaambiwa haki haijavunjwa. 2013 ndo serikali ikatangaza kuzifungulia

*Mjomba Salim:* Wakurdi nawajua mimi. Öcalan kiongozi wa PKK, kundi la Wakurdi lililokuwa likipigana na serikali ya Uturuki, alikamatwa hapa hapa Nairobi Februari 1999, alikuwa kafichwa kwa balozi wa Ugiriki, akatolewa kwenda eapoti akijua anasafirishwa nchi nyingine, kumbe Waturuki wanamngoja. Akahukumiwa kunyongwa

*Shangazi Zuhura:* Inna lillahi. Wakamnyonga?

*Mjomba Salim:* Hawakumnyonga. Mwisho wa mwaka ule ule Uturuki ikakubaliwa kuwa mgombea wa Umoja wa Ulaya, na huko ukiwa na kitanzi huingii. 2002 wakaifuta hukumu ya kifo, yeye akabaki na kifungo cha maisha kisiwani Imralı

*Juma:* Kwa hiyo kaokolewa na uanachama ambao hata hawajaupata

*Dada Mwanaidi:* Ndo hivyo. Leyla Zana naye, mbunge Mkurdi, 1991 aliapa bungeni akamalizia na sentensi moja ya Kikurdi ya kuomba udugu, ukumbi ukachafuka, baadae mashtaka mengine, jela miaka kumi, katoka 2004 Ulaya ikiwa inaangalia. 2005 mazungumzo ya Uturuki kuingia Umoja wa Ulaya yakaanza, 2009 serikali yenyewe ikafungua TV ya Kikurdi. Huyu mwenzangu anasema bibi yake alikaa mbele ya ile TV analia na ilikuwa taarifa ya hali ya hewa tu

*Mjomba Salim:* Mlango wa Ulaya ukianza kufungwa ndo pingu zinarudi. Demirtaş, mwanasiasa wa Kikurdi, kawekwa ndani 2016, Strasbourg 2020 wakasema aachiwe, wapi

*Juma:* Ngoja, dada ungezaliwa kule ungeandikwa Mvanaidi 😂

*Shangazi Zuhura:* Jina la bibi yako hilo usilichezee. Mwanaidi nipigie usiku nimeweka bando, na huyo mtoto wa watu mpikie pilau