Naomba ushauri: kasiksi yangu ya marakuja inageuka siki

Ndugu zangu, na mama zangu mnaojua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, naombeni mnisaidie. Niko Bukavu, huku Kadutu. Nilifundishwa na bibi: ndizi zilizoivishwa shimoni, tunazikamua kwa majani, tunaongeza maji na unga wa mtama uliokaangwa, siku 2 au 3 tunakunywa.

Sasa napenda sana kujaribu pombe chachu kama lambiki ya Ubelgiji, inayokaa kwenye mapipa ya mbao mwaka mzima au zaidi, na nyingine hutiwa matunda ya cheri. Cheri hatuna, ila marakuja (pasheni) zimejaa sokoni. Nikatia nyama ya marakuja 20 kwenye bido (dumu) ya litre 20, siku ileile ya unga.

Bido ya kwanza ilitoka vizuri ajabu, uchachu safi wa kuamsha ulimi. Mbili zilizofuata zimeharibika. Siku ya 5 nikakuta juu utando mweupe, umejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na harufu ya siki ikanipiga puani. Nilimwaga zote, roho ikaniuma, maana ndizi ni pesa.

Najua siki huja hewa ikiingia. Lakini nikikaza kifuniko, bido inavimba, naogopa itapasuka. Ninyi mnafunikaje? Marakuja niitie mwanzoni, au ningoje povu litulie kwanza? Na kwa baridi hii ya usiku, kuna anayefunga bido yake blanketi?