Kiwanja cha ndege cha Pemba kikipanuliwa, jengo la zamani tutalihifadhi vipi?

Mkaazi wa Wawi
Assalamu alaykum ndugu zangu. Kiwanja chetu hapa Wawi kinatazamiwa kukuzwa ili kipokee ndege kubwa, nami nalifurahia jambo hilo, kwani aliyewahi kumpeleka mgonjwa Dar es Salaam anaijua thamani ya safari fupi. Linaloniondolea usingizi ni jengo dogo la abiria tulilolizoea. Sijasikia mpango wowote wa kuligeuza maduka au hoteli, lakini nauliza mapema: sheria inatupa njia gani ya kulihifadhi kabla hajatokea mwenye mtaji wake?

Wakili, Vuga
Waalaykumu salaam. Ardhi na jengo ni mambo mawili, tusiyachanganye. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Serikali, na anachopewa mtu ni haki ya kuitumia. Kwa hivyo hakuna mwanakijiji atakayezuia matumizi mapya ya kiwanja kwa hati yake. Ama jengo, sheria ya mambo ya kale, ambayo asili yake ni ya 1927, hulinda kile kilichotangazwa rasmi. Jengo lisilotangazwa, hata likipendwa na kisiwa kizima, mbele ya sheria ni mawe na chokaa tu. Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali katika eneo lenu, kisha iandikieni idara ya mambo ya kale, mkiambatanisha picha, ramani na maelezo ya wazee.

Mzee wa Mkoani
Mwanangu, maelezo ya wazee yachukue upesi, maana tunapungua. Mimi nilipanda Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki nikiwa mtoto, miaka mingi kabla shirika hilo halijavunjika 1977. Nilisimamishwa juu ya mizani na kikapu changu cha mabungo mkononi, karani akaandika uzito wetu kwa penseli, mimi na mabungo pamoja, na mama akajifunika uso kwa buibui ilipofika zamu yake. Ikiwa mizani ile ingalipo ghalani, nawaomba isiuzwe chuma chakavu.

Mkaazi wa Shangani
Naafikiana na Wakili, ila tangazo peke yake halitoshi. Mambo Msiige, jumba la kale la hapa Shangani, limo ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bado likawa sehemu ya hoteli iliyofunguliwa 2015. Beit al Ajaib, lile jumba la kifalme la Forodhani, halikuuzwa kwa mtu, lakini sehemu yake kubwa iliporomoka Disemba 2020. Jengo linataka kazi na matengenezo. Kule Berlin, kiwanja cha Tempelhof kilifungwa 2008, kikafunguliwa kwa wananchi 2010, wakawa wanatembea na kuendesha baiskeli juu ya njia ile ile ya ndege. Ulipokuja mpango wa kujenga nyumba na ofisi pembezoni mwake, mwaka 2014 waliukataa kwa kura. Walikuwa tayari wamo ndani, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yao. Liombeeni jengo lenu matumizi ya umma tangu sasa, liwe maktaba au chumba cha kumbukumbu za safari za Pemba.

Mkaazi wa Wawi
Nimewasikia, Allah awalipe kheri. Kesho baada ya alasiri nakwenda kwa sheha na rasimu ya barua, na nikitoka hapo nitaiulizia mizani.