Toyota Mirai ya haidrojeni kutoka Japani: je, hesabu inakubali kwa mkaazi wa Mombasa?

Mkaazi wa Tudor

Assalaam aleikum wanajukwaa. Ninataka kuagiza gari la familia kutoka Japani, na muuzaji mmoja wa huko amenipendekezea Toyota Mirai ya mwaka 2019, ambayo badala ya petroli hutumia gesi ya haidrojeni. Kilichonivutia ni bei. Gari ambalo lilipotoka mwaka 2014 liliuzwa kwao kwa zaidi ya yeni milioni 7 leo ninapewa kwa fedha zinazokaribiana na za haibridi ndogo ya umri huo huo, tena limetunzwa kuliko mengi ninayoyaona kwenye yadi za hapa mjini. Muuzaji anasema kwamba, kwa kuwa gari hili husukumwa na mota ya umeme, nitapata nafuu ya ushuru inayotolewa kwa magari ya umeme, na kwamba serikali yetu ilizindua mkakati wa haidrojeni mwaka 2023, kwa hiyo vituo vya kujaza havitakawia. Ninaomba wenye ujuzi wanisaidie kupima: nafuu hizi zina uzito gani mbele ya gharama ya kulimiliki gari lenyewe hapa Mombasa?

Wakala wa Kilindini

Waaleikum salaam, ndugu. Nitajibu upande wa bandarini, ambao ndio kazi yangu, na mambo ya gesi nitawaachia wenyewe.

Bei nafuu uliyopewa haitakusaidia sana mbele ya KRA, mamlaka ya mapato, kwa sababu gari lililotumika halitozwi ushuru kwa bei iliyo kwenye risiti yako. Hesabu huanzia kwenye bei ya rejareja ya gari hilo likiwa jipya, ile tunayoiita CRSP, kisha hupunguzwa asilimia ya uchakavu kwa kadiri ya umri. Gari lililozaliwa ghali hubaki ghali kwenye karatasi za forodha, hata kama huko Japani limekosa mnunuzi.

Nafuu yenyewe ipo, na ni afadhali tuitazame kwa tarakimu. Tuseme thamani ya forodha imetoka shilingi milioni 1. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa gari linaloendeshwa kwa umeme pekee ni asilimia 10, nao hutozwa juu ya thamani pamoja na ule ushuru wa kwanza, kwa hiyo ni 135,000. Gari la petroli lenye injini inayozidi cc 1500 lingetozwa asilimia 25, ambayo ni 337,500. Ukiongeza VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, la umeme litadaiwa jumla ya 767,600 na la petroli 1,002,500. Tofauti inakaribia 235,000 kwa kila milioni ya thamani, na hizo si fedha za kupuuza. (Wengi huniuliza kuhusu nafuu ya VAT iliyotangazwa mwaka 2023: hiyo ililenga mabasi, pikipiki na baiskeli za umeme, si magari ya saluni.)

Hata hivyo, usitume fedha kwa neno la muuzaji kwamba Mirai itahesabiwa kuwa gari la umeme. Iombe KRA uamuzi wa awali, kwa maandishi, kuhusu fungu la ushuru litakalotumika, kwa sababu gari likishashuka melini huku mnabishana kuhusu fungu, gharama za kuhifadhiwa bandarini zitakula hiyo nafuu yote. Kumbuka pia sharti la miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Gari la 2019 liko ukingoni, na kuchelewa kidogo kunaweza kulifungia mlango.

Mmvita wa Sacramento

Ndugu wa Tudor, mimi ni mzaliwa wa Kibokoni ninayeishi California, jimbo ambalo takribani vituo vyote vya haidrojeni vya umma nchini Marekani viko ndani yake. Nimeliendesha gari hili na ninalisifu: ni kimya, lina nguvu ya kutosha, na kulijaza huchukua dakika tano hivi pale mtambo unapofanya kazi. Maneno hayo ya mwisho yabebe uzito wake, kwa sababu nimewahi kufika kituoni nikakuta pampu imefungwa na cha pili kiko mbali kuliko gesi niliyobaki nayo.

Kuhusu motisha, tulipewa nyingi. Aliyenunua Mirai mpya alipata kadi ya mafuta ya dola 15,000, jimbo lilikuwa na ruzuku yake, na dereva aliye peke yake aliruhusiwa kupita kwenye njia ya magari yenye abiria wengi, jambo ambalo kwa anayekwenda kazini kila asubuhi lilikuwa na thamani kuliko fedha. Sasa tazama yaliyofuata. Ruzuku ya jimbo ilifungwa mwaka 2023. Ruhusa ya njia ilikoma Septemba 2025. Nayo kadi ya mafuta ilipungua nguvu bila hata senti moja kukatwa: haidrojeni ilipokuwa dola 16 kwa kilo, kadi ilinunua zaidi ya kilo 900, na kwa kuwa kilo moja hulipeleka gari kilomita 100 hivi, huyo mtu alikuwa na safari za bure za kilomita 90,000. Bei ilipopanda hadi dola 36, kadi ile ile ikanunua kilo 416 tu. Kwa bei hiyo, kuyajaza matangi ya Mirai ya toleo la pili, yanayobeba kilo 5.6, ni dola 200. Mwezi Februari 2024 Shell ikafunga vituo vyake vyote vya magari madogo hapa California, na waliokuwa wakivitegemea wakabaki na magari mazima yasiyo na pa kunywea.

Japani nako serikali ilimpa mnunuzi wa Mirai ya kwanza ruzuku ya takriban yeni milioni 2. Fedha hizo zilikwisha mikononi mwa mnunuzi yule wa kwanza. Unachoonyeshwa wewe ni bei ambayo soko limekwisha kuikata kwa sababu linaijua gharama ya mafuta yatakayofuata, na hiyo gharama ndiyo utakayoirithi.

Mkaazi wa Tudor

Nawashukuru sana. Nilikuwa nimehesabu ushuru peke yake, na mafuta nikayaachia maneno ya muuzaji. Lakini nina swali moja kabla sijakata tamaa. Mimi ninaishi fleti ya kupanga hapa Tudor, ila nyumba yetu ya urithi kule Nyali ina paa kubwa, na jua la Pwani mnalijua. Je, siwezi kutengeneza haidrojeni yangu kwa sola? Na kuna fundi wa Shimanzi anayesema kwamba haidrojeni ya mitungi ya viwandani inapatikana na kwamba anaweza kuunga bomba.

Mhandisi wa Changamwe

Kaka, hilo la fundi nianze nalo, maana linaweza kuua mtu. Matangi ya Mirai hujazwa kwa shinikizo la baa 700. Mtungi mkubwa wa viwandani hubeba gesi kwa shinikizo la baa 150 hadi 200 na ndani yake haidrojeni haifiki kilo moja. Ukiunga bomba, gesi itahamia garini mpaka shinikizo la pande mbili lilingane, kisha itasimama, nawe utakuwa umepata safari fupi ya mjini kwa hatari ya kuvujisha gesi inayoshika moto upesi kuliko petroli na ambayo ndimi zake hazionekani vizuri mchana. Zaidi ya hayo, seli za gari, zile zinazogeuza gesi kuwa umeme, hudai haidrojeni safi kwa asilimia 99.97, chembe chache tu za salfa au za monoksidi ya kaboni huiharibu platini iliyomo ndani, na hakuna karakana ya hapa itakayokutengenezea.

Kuhusu sola, inawezekana kitaalamu, lakini ifuate hesabu hadi mwisho. Kuyapasua maji kwa umeme ili upate kilo moja ya haidrojeni hutumia takriban uniti 55, na kuisukuma gesi hiyo hadi baa 700 hudai uniti nyingine kadhaa. Kilo hiyo itakupa kilomita 100. Gari la betri la ukubwa wa kawaida hutembea kilomita hizo hizo kwa uniti 17 au 18, kwa kuwa umeme unakwenda moja kwa moja kwenye betri badala ya kugeuzwa gesi kisha kurudishwa tena kuwa umeme. Tukichukua shilingi 25 kwa uniti kwa wepesi wa hesabu, haidrojeni ya kilomita 100 inakugharimu shilingi 1,375 kabla ya kununua hata mtambo mmoja. Betri inakugharimu shilingi 450 hata tukikadiria juu. Nayo haibridi inayokula lita 5, tukikadiria petroli kwa shilingi 180 kwa lita, ni 900. Kwa maneno mengine, hata ukizawadiwa mtambo na kompresa, bado petroli ingekuwa nafuu. Umeme wa paa lako si wa bure pia, kwa sababu kila uniti unayoitia kwenye haidrojeni ni uniti ambayo ingeweza kuendesha feni na friji.

Ule mkakati wa 2023 nimeusoma. Unalenga kwanza mbolea, ambayo tunaiagiza kutoka nje kwa fedha nyingi, pamoja na methanoli, kwa kutumia umeme wetu wa mvuke wa ardhini na wa vyanzo vingine safi. Hayo ni matumizi ya busara, kwani mbolea ya naitrojeni haiwezi kutengenezwa kwa betri. Saluni ya kwenda sokoni Kongowea haimo katika hesabu hiyo, na kwa sasa hakuna kituo hata kimoja nchini kinachouzia umma haidrojeni ya magari.

Tena kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kukutajia: matangi ya Mirai yana ukomo wa miaka 15 tangu kutengenezwa, na tarehe hiyo huandikwa kwenye kifuniko cha mahali pa kujazia. Gari la 2019 limekwisha kuutumia karibu nusu ya muda huo.

Wakala wa Kilindini

Naunga mkono ya dada mhandisi. Ile asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa utaipata bila ubishi wowote kwa gari la betri, kwa hiyo nafuu uliyokuwa unaitafuta haipotei ukiacha Mirai. Ukienda huko, mtake muuzaji akupe picha ya dashibodi inayoonyesha afya ya betri, usikubali kilomita peke yake. Na kwa kuwa unaishi fleti ya Tudor ilhali paa liko Nyali, zungumza kwanza na mwenye nyumba kuhusu kuchajia hapo chini, na uwaulize Kenya Power masharti ya ile bei maalumu ya umeme wa magari, kabla hujaagiza chochote.