Je, mtu asiye na lugha yoyote anafikiri?

Mdadisi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika kozi ya falsafa ninayosoma tumeelezwa kwamba pasipo lugha hakuna fikra, kwa kuwa kufikiri ni kujisemea moyoni. Nina binamu aliyezaliwa kiziwi, asiyewahi kupelekwa shule wala kufundishwa lugha ya alama, naye ndiye mchungaji hodari kuliko wote katika ukoo wetu: humtambua mbuzi anayeumwa kabla hajaacha kula, na mnunuzi akitaka kumpunja hukataa. Nashindwa kukubali kwamba kichwani mwake hamna fikra. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa ushahidi.

Tabibu wa Usemi:
Ndugu Mdadisi, una haki ya kulitilia shaka dai hilo. Wapo watu waliopoteza lugha ukubwani, aghalabu baada ya kiharusi kuharibu upande wa kushoto wa ubongo, hali iitwayo afasia. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake, nchini Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu wanaume 3 wa aina hiyo. Sentensi ikigeuzwa, hawakuweza kujua ni nani aliyempiga mwenzake. Lakini wakiandikiwa 59 − 13, kisha 13 − 59, walitambua kwamba hizo ni hesabu mbili tofauti, wakazikokotoa. Nami katika kazi yangu nimemwona mzee asiyeweza kutamka hata jina la mwanawe akicheza bao kwa utulivu na kumfunga mpinzani wake.

Mdadisi:
Nashukuru sana. Lakini wagonjwa hao waliwahi kuwa na lugha, na huenda ndiyo iliyowajengea uwezo huo tangu utotoni. Vipi kuhusu wasiowahi kuipata?

Mwalimu wa Viziwi:
Hapo ndipo penye uzito wa suala hili, na ushahidi ninaoutegemea unatoka Nikaragua. Mwaka 2011 Elizabet Spaepen na wenzake walieleza habari za viziwi watu wazima wa huko, wanaotumia ishara walizojitungia nyumbani tu. Wana kazi, wanapokea ujira, wanatumia fedha. Hata hivyo, walipowekewa vitu mezani na kutakiwa kupanga idadi ileile, walikadiria vizuri, lakini idadi ilipozidi 3 usahihi ukawapotea. Fikra zipo, tena nyingi, ila kuishika 7 kwa uhakika, bila kuichanganya na 6 au 8, kunaonekana kuhitaji hesabu ya maneno au ya alama.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Shule ya elimu maalumu ilipofunguliwa Managua mwaka 1977, viziwi waliokuwa wametawanyika majumbani walikutana, na watoto wakaanza kujiundia lugha mpya, ambayo wadogo zao waliikuza. Jennie Pyers na Ann Senghas waliwapima kwa hadithi za picha: mtu ameacha kitu mahali, akatoka, mwingine akakihamisha, je, akirudi atakitafuta wapi? Mwaka 2001 wengi wa kizazi cha kwanza, ingawa walikuwa watu wazima, walikosea, ilhali vijana waliowafuata, ambao tayari walikuwa na alama za kudhani na kujua, walipatia. Walipopimwa tena mwaka 2003, wale wakubwa walikuwa wamejifunza alama hizo kwa kuchangamana na vijana, na majibu yao yalikuwa yameboreka.