Tabora: mashine ya kutotolesha imeniulia vifaranga 78, muuzaji anasema jogoo wangu mzee

Wakuu, mwangaluka. Nina hasira na sitaificha.

Mwezi wa nane nilinunua mashine ya kutotolesha ya mayai 96 hapa Tabora mjini. Laki tatu na themanini, hela ya mchezo wetu wa akina mama, zamu yangu niliisubiri miezi saba. Muuzaji aliniapia: "Mama, hii unaweka mayai, unachomeka kwenye umeme, unakaa. Siku ya 21 unaokota vifaranga." Nikamwamini, kwa sababu kioo cha mashine kiliandika 37.7, na najua hilo ndilo joto la yai la kuku kwenye mashine yenye feni.

Mimi si mgeni wa kuku. Nafuga kienyeji hapa Ipuli mwaka wa tisa huu. Mayai niliyoweka hayakuzidi siku sita tangu kutagwa, machafu niliyatenga, sikuosha hata moja. Usiku ule ule, kwenye beseni lile lile, nilitoa 12 nikamwekea tetea wangu mweusi aliyekuwa ameanza kulalia. Nilifanya makusudi siku zilingane: vifaranga vya mashine vikitoka, usiku navipenyeza chini ya mbawa zake, asubuhi anavilea vyote kama vyake, mimi naokoa mkaa.

Siku ya 7 nikayamulika kwa tochi ya simu gizani. Tisa yalikuwa meupe tupu, nikayatoa. Yaliyobaki 87 yote yalikuwa na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui, na kidoa katikati kinatikisika. Jogoo hapo kazi yake alishaimaliza. Hilo naomba mlishike.

Siku ya 9 mota ya kugeuza ikakwama. Nikatia kila yai alama ya kalamu upande mmoja, nikawa nageuza kwa mkono asubuhi, mchana na usiku hadi siku ya 18, nikaacha kama inavyotakiwa. Umeme ulikatika mara mbili, kila mara haikufika masaa mawili. Nilifunika mashine kwa blanketi na sikugusa mlango wake.

Siku ya 19 jioni nikasikia mlio. Nilifurahi, na leo inaniuma kwamba nilifurahi, maana yai la kuku kuwahi hivyo ni dalili ya joto lililozidi. Hadi siku ya 21 vilikuwa vimetoka 14. Vitano vilikuwa na vitovu wazi, miguu imetanuka, haviwezi kusimama, vikafa ndani ya siku mbili. Mayai 73 hayakuanguliwa kabisa. Nilivuta subira mpaka siku ya 23, ndipo nikayapasua uani, moja moja.

Kuna moja lilikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama. Mdomo ulikuwa umeshachungulia nje, ila utando wa ndani ya ganda ulikauka ukakigandia kifaranga usoni kama karatasi iliyopakwa gundi. Kifaranga kamili, manyoya yote, kucha zote. Niliishiwa nguvu nikakaa chini. Mwanangu wa darasa la nne akauliza kama anaweza kuvizika. Nikamwambia chimba.

Tetea mweusi je? Mayai 12, vifaranga 11, na lile moja halikuwa na kitu tangu mwanzo. Kifua kimenyonyoka manyoya ili ngozi ilale juu ya yai, mayai anayageuza kwa mdomo wake, anainuka mara moja kwa siku kama robo saa hivi, anakula, anakunywa, anarudi. Mayai ya matetea wale wale, jogoo yule yule.

Jirani yangu muuguzi ndiye aliyefumbua fumbo. Alikuja na kipimajoto cha homa. Kwanza tukakijaribu kwapani kwangu, kikasoma 36.6, maana yake kizima. Tukakiweka ndani ya mashine pale mayai yanapokaa. Kioo cha mashine: 37.7. Kipimajoto: 39.3. Tukarudia mara tatu, majibu yale yale. Wiki tatu nzima vifaranga wangu walikuwa wanapikwa taratibu na kioo kinanidanganya. Na maji? Muuzaji alinipa kisahani kimoja, akasema kinatosha. Tabora mwezi wa tisa hewa inakauka hadi midomo inapasuka, na siku tatu za mwisho yai linataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Mashine yake haina hata kipimo cha unyevu!

Nimemrudia na picha za kipimajoto. Jibu: "Mama, jogoo wako mzee, mayai hayana mbegu." Nikamweleza habari ya 87 yenye mishipa. Akasema mashine ikishatoka dukani hairudi, kisha akageukia mteja mwingine, akaanza kumweleza ile ile ya unaweka, unachomeka, unakaa. Mbele yangu!

Mnaotaka kununua, msiweke yai hata moja kabla ya kuiwasha tupu siku nzima mkiwa na kipimajoto cha pembeni. Cha homa kinapatikana duka lolote la dawa. Muuzaji akikataa kukijaribu mbele yako, ondoka na hela yako.

Vifaranga tisa waliopona nimewapa tetea mweusi, sasa anatembea na 20. Mimi Jumamosi saa nne asubuhi nairudisha mashine dukani, pamoja na kipimajoto na jirani yangu kama shahidi. Nataka hela yangu yote. Aliyenunua Tabora mjini mashine ya aina hii, ya mbao yenye kioo cha namba nyekundu, na mayai yakafia ndani, aniandikie hapa twende pamoja.